Kabla ya kung'oa ukoka

Mwanzoni mwa kiangazi tuliandika katika safu hii juu ya maji yanayomwagwa kwenye nyasi za majumbani, wakati jirani wa mtaa wa pili anabeba ndoo kichwani. Tangu hapo swali linalotufikia kutoka kwa kina mama na kina baba wa Njiro, Sakina, Moshono na hata Usa River ni moja: tukiuondoa ukoka, tupande nini mahali pake? Wengine wametuambia kwamba tayari wamekwenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, na huko wamejibiwa kwa maneno yanayofanana: "Chukua huu, unatambaa haraka na haufi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuirudie mada hii. Mmea unaotambaa haraka na usiokufa ni mzuri kwa mwezi wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu umekwisha kuvuka uzio, umeshuka korongoni, na mwenye nyumba hana tena uwezo wa kuuita urudi. Kwa hiyo leo hatutazungumzia uzuri wa ua peke yake. Tutazungumzia mimea tandazi, yaani ile inayofunika ardhi kwa kutambaa au kujikusanya chini, na namna ya kuchagua ile itakayobaki pale tulipoipanda.

Tuanze na ukoka wenyewe. Nyasi zilizonyolewa mbele ya nyumba ni desturi iliyokuja na wageni. Uingereza, ambako desturi hiyo ilistawi, mvua hunyesha karibu kila mwezi na jua lake ni la upole. Huko ndiko Edwin Budding alikobuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, na tangu hapo hata mtu wa kipato cha wastani akaweza kuwa na uwanja uliofanana na wa bwana mkubwa. Arusha ni nchi nyingine. Mji umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya mlima wa mita 4,566, na mvua zake zina majira: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli Novemba na Desemba. Kati ya Juni na Oktoba mawingu huufunika Meru asubuhi, baridi ikauma, lakini mvua ya maana haidondoki. Ukoka hugeuka kahawia, na hapo ndipo mpira wa maji unapofunguliwa.

Wazee wa Kimeru na wa Kiarusha hawakuwa na haja ya uwanja wa namna hiyo. Kihamba kilikuwa na migomba na kahawa, chini yake magimbi na maharage, na mbele ya mlango palikuwa na ua uliofagiwa asubuhi. Nyasi zilikatwa zikapelekwa kwa ng'ombe bandani. Ardhi ilifunikwa, ila ilifunikwa na chakula na kivuli.

Hata hivyo, hatuuharamishi ukoka. Hakuna mmea tandazi tutakaoutaja hapa unaoweza kustahimili miguu ya watoto wanaocheza mpira kila alasiri, au mikeka na turubai siku ya akika. Mwenye watoto na abakize kipande cha ukoka pale wanapochezea, kisha afikirie upya sehemu nyingine zote ambazo hakuna mtu anayezikanyaga isipokuwa yule anayekuja kuzifyeka: kandokando ya ukuta, chini ya miti, kwenye mteremko wa kuelekea barabarani, na ule ukanda mwembamba wa nje ya geti. Mara nyingi sehemu hizo zikijumlishwa huzidi nusu ya ua.

Na kwa haki ya ukoka tuseme jambo jingine. Ukoka ni wenyeji wa upande huu wa dunia, sawa na zile nyasi nene tunazoziita kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hapa kwetu kikuyu huliwa na ng'ombe, hukaushwa na jua, na hushindana na mimea iliyokulia pamoja nazo. Zilipopelekwa Australia, Hawaii na California zikawa balaa, na Marekani imeziingiza katika orodha ya magugu yanayodhibitiwa kwa sheria ya taifa. Ni mmea ule ule. Kilichobadilika ni mahali. Huo ndio msingi wa neno "vamizi". Mmea vamizi ni ule ulioletwa mahali ambapo hauna adui wala mlaji, ukaenea wenyewe nje ya bustani, ukawafukuza wenyeji. Mmea wa kigeni si lazima uwe vamizi. Mahindi ni ya kigeni, na hatujapata kuona mahindi yakivamia msitu wa Meru.

Sasa tuje kwenye hatari ya kwanza, ambayo wengi hawaifikirii kabisa: ardhi tupu. Mtu akiung'oa ukoka kwa hamasa mwezi wa Agosti, akaacha udongo wazi akisubiri mvua, mgeni wa kwanza kufika hatakuwa yule aliyemkusudia. Atakuwa gugu karoti. Gugu hili lenye asili ya Amerika lilitambuliwa nchini mwetu kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na mahali lilipotambuliwa ni hapa hapa Arusha. Leo linaonekana kando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa na kwenye marundo ya kifusi. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, maua yake ni madogo meupe, na mmea mmoja ukiachwa ukomae unaweza kutoa mbegu zinazofikia 25,000. Linawasha ngozi, linaamsha pumu na mafua ya mzio, na ng'ombe akililisha maziwa yake huwa machungu. Linapenda sana udongo uliochimbuliwa na kuachwa bila kifuniko.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba ukoka usiondolewe kabla mrithi wake hajawa tayari. Ondoeni kipande kidogo kidogo, kipande kinachoweza kupandwa siku hiyo hiyo, na palipobaki wazi pawekwe matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba. Wenye viwanja vya Muriet, Olasiti au Kwa Mrombo ambavyo bado havijajengwa tungewashauri wapande ngwara au kunde. Zote mbili ni mimea ya Afrika, zinafunika ardhi, zinarutubisha udongo, na ngwara hasa ina mizizi inayokwenda chini kiasi cha kubaki ya kijani wakati mahindi ya jirani yamekwisha kukauka. Kiwanja kinalindwa, na mwenyewe anavuna.

Hatari ya pili ni ile inayonunuliwa kwa fedha. Upo mmea wenye majani ya kijani yanayong'aa na maua ya njano mfano wa alizeti ndogo, unaotandazwa mbele ya hoteli na ofisi, ambao wapanda bustani huuita wedelia. Jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata, na kwao ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Ni mzuri kwa macho, hatubishi. Lakini Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, limeuweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na lantana na lile gugu maji tulilolisikia sana kutoka Ziwa Viktoria. Msomaji atazame jambo ambalo mimea hiyo mitatu inashirikiana: hakuna hata mmoja ulioenezwa duniani na adui. Yote mitatu ilibebwa na watu waliopenda maua.

Wedelia haihitaji mbegu ili ienee. Kipande cha shina chenye kifundo kimoja kinatosha. Kikianguka kwenye udongo wenye unyevu kinatoa mizizi. Hapa ndipo jiografia ya mji wetu inapoingia. Arusha imejengwa juu ya mito inayoshuka kutoka Meru: Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge, Burka. Kila mwenye bustani anajua yanakotupwa majani yaliyokatwa. Yanatupwa korongoni. Masika yakija, korongo linayachukua hadi mto Themi, Themi unamwaga kwenye Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani mpaka baharini. Njiani kote huko yapo mashamba ya watu wanaomwagilia mboga na mpunga, watu ambao hawakuwahi kuiona hiyo bustani ya Sekei wala ya Ilboru ambayo kipande kile kilitoka. Tumezoea kuizungumza haki ya jirani kana kwamba jirani ni yule wa ukuta mmoja tu. Kwa mto, jirani ni kila aliye chini yetu.

Si hofu ya kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu ikolojia ya Serengeti na Mara, kwa upande wa Tanzania na wa Kenya, ulihesabu aina 245 za mimea ya kigeni, na nyingi ya hizo zilipandwa kwa makusudi. Aina 62 zilikwisha kujitegemea zenyewe mbali na makazi ya watu. Yaani mmoja katika kila minne ulitoka nje ukaenda zake. Ikiwa hayo yametokea mbugani, ambako kuna walinzi na sheria, tusitegemee kwamba korongo la mjini litajilinda.

Mingine ya kuepuka tutaitaja kwa haraka. Lantana isipandwe hata kama maua yake ya rangi mbili yanapendeza. Ndege hula matunda yake wakazisambaza mbegu, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Ile mimea ya kivuli yenye mashina laini, mmoja ukiwa na michirizi ya fedha juu na zambarau chini ya jani, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Tradescantia, huota kwa kila kipande kinachokatika kama wedelia. Na ile yenye majani manene inayozaa vitoto pembezoni mwa jani, vikaanguka kama punje, asili yake ni Madagaska; ni sumu kwa mifugo, na kila kitoto ni mmea mpya. Katika chungu dirishani haina neno. Kwenye mteremko wa nje ya geti, hapana.

Sasa tupande nini? Kwa sehemu yenye jua, pendekezo letu la kwanza litawashangaza wale waliotarajia jina la Kilatini: matembele. Kwa nini tunakula mboga hii mezani kisha tunaiona haifai kuonekana mbele ya nyumba? Marando yenye urefu wa sentimita 30 hivi, yakipandwa mwanzoni mwa mvua kwa nafasi ya sentimita 30, hufunga ardhi kwa muda wa miezi miwili. Majani yake yana maumbo mengi, mengine kama moyo, mengine kama mkono uliofunguliwa, na zipo aina zenye rangi ya zambarau ambazo ukizichanganya na za kijani hupati zulia zuri kuliko hilo. Yanashika udongo wa mteremko usichukuliwe na maji. Kisha mama wa nyumba anatoka na sinia, anachuma ncha, na mmea unazidi kutoa matawi.

Atatokea wa kuuliza: matembele nayo si ya kigeni, na si yanaota kwa kipande cha shina kama wedelia? Ni kweli kwa yote mawili. Asili ya kiazi kitamu ni Amerika. Tofauti ni kwamba kimekaa nasi kwa karne nyingi na tabia yake tunaijua. Kila kiumbe kinakila, kuanzia mtu na mbuzi hadi fuko, ambaye kwa wakazi wa mitelemko ya Meru hahitaji kutambulishwa. Kisipotunzwa huzidiwa na magugu. Ushahidi wa miaka mingi mashambani una uzito kuliko sifa ya muuzaji kitaluni. Kasoro ya matembele tuiseme pia: baridi ya Juni na Julai huyadumaza, hasa kwa walio juu kuelekea Ilkiding'a, na baada ya msimu au miwili yanahitaji kung'olewa na kupandwa upya kwa marando yenye afya. Asiyetaka kazi hiyo asiyapande.

Kwa sehemu ya kivuli, chini ya mparachichi au upande wa ukuta usiopata jua, tunao mmea ambao historia yake inatuhusu. Kitaalamu ni Impatiens walleriana, wenye mashina yenye maji, majani laini na maua bapa ya waridi, mekundu au meupe. Katika bustani za Ulaya na Marekani unauzwa kwa wingi sana kila majira ya joto, na wanunuzi wengi hawajui kwamba ni mtoto wa misitu ya Afrika Mashariki. Mbegu zake zilitumwa Uingereza kutoka Zanzibar na John Kirk, na mwaka 1882 wataalamu wa huko wakaupa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, zama za Sayyid Barghash. Jina lile limekwisha kubadilishwa, lakini mmea ni ule ule. Huko Australia umetoroka bustanini ukawa kero. Hapa uko nyumbani kwao. Unataka kivuli na unyevu, kwa hiyo unawafaa wakazi wa upande wa kusini wa mlima. Aliye Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, ambako mlima wenyewe unazuia mvua, asijitaabishe nao.

Mwingine wa kivuli ni ule wenye majani membamba marefu, mara nyingi yakiwa na mstari mweupe katikati, unaoning'iniza vitoto vyake kama buibui kwenye uzi. Huu ni Chlorophytum comosum, na nao ni wa bara letu la Afrika. Unajikusanya kwenye fungu, hautambai mbali, na anayeuchoka anaung'oa kwa mkono. Lakini wakazi wa Arusha hulalamika kwamba ncha za majani yake hugeuka kahawia hata ukimwagiliwa vizuri, na wengi huongeza maji, hali ikazidi kuwa mbaya. Sababu mojawapo ni ile ile inayowatia watoto wetu madoa ya kahawia kwenye meno. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, na baadhi ya chemchemi na visima vyetu vina kiwango kinachozidi kile cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mmea huu ni mwepesi kuonesha madhara ya floraidi kuliko mingine mingi. Ukimwagiliwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, majani mapya hutoka safi. Tungeongeza kwamba nyumba ambayo mmea huu unaungua ncha kila mara ingefanya vyema kupima maji yake ya kunywa, hasa ikiwa ina watoto ambao meno yao ya kudumu bado hayajaota.

Mahali penye unyevu wa kudumu, kama pembeni ya bomba la nje, inafaa Centella asiatica, yenye vijani vya mviringo mfano wa sarafu vinavyotambaa chini kabisa. Nayo huota yenyewe katika maeneo ya majimaji ya nchi yetu.

Kwenye jua kali na mawe, ambako mtu angeona aibu kumwagilia, pana mishubiri. Ile ya kienyeji, ambayo Waarusha na Wamaasai huiita osuguroi, huzaa vichipukizi vikajaza nafasi polepole, na maua yake marefu yenye rangi ya machungwa huwaleta chozi hata katika Julai ya mawingu. Karibu nayo wapandeni wale mkonge pori wenye majani magumu yaliyosimama kama mikuki. Kwa Kimaasai huitwa oldupai, na ndio uliolipa bonde la Olduvai jina lake. Ombi letu moja: msiende kuichimba porini. Biashara ya kimataifa ya mishubiri ya mwituni inadhibitiwa kwa mkataba wa mataifa kwa sababu ilikuwa inamalizika. Nunueni vichipukizi kitaluni au mpeane majumbani.

Nanaa tunaulizwa kila mara, kwa sababu ya chai. Inafunika ardhi vizuri kupita kiasi. Mizizi yake hupita chini kwa chini ikatokea katikati ya mchicha. Ipandwe ndani ya tairi kuukuu au ndoo iliyotobolewa, iliyofukiwa hadi ukingoni. Ikifungwa hivyo, ina harufu nzuri jioni na haimdhuru mtu.

Namna ya kuhoji kitaluni ni rahisi. Muulizeni muuzaji kwanza mmea umetoka wapi, yeye aliupata kwa nani, na mama yake ulikuwa ukiota wapi. Pili, tembeeni dakika chache kwenye korongo au mtaro ulio karibu na kitalu. Mkiuona mmea ule ule umejiotea huko, jibu mmelipata bila kuuliza. Tatu, chukueni tawi moja nyumbani kabla ya kununua mia. Kateni kipande cha urefu wa kidole, kitupeni juu ya udongo wenye unyevu kwenye kopo, msikifukie. Mmea wa kigeni ambao kipande chake kimeshika mizizi kwa wiki mbili bila kufukiwa, na ambao hauliwi na mtu wala mnyama, tungeuacha kitaluni. Mtihani huu peke yake hautoi hukumu, kama tulivyoona kwa matembele. Unahitaji yale maswali mawili ya kwanza.

Waliokwisha kuipanda wedelia wasitaharuki. Iondolewe wakati wa kiangazi, kwa jembe la uma, kuanzia pembezoni kuelekea katikati, na kila kipande kiwekwe juu ya bati au ndani ya mfuko mweusi wa plastiki juani mpaka kikauke kabisa. Kisipelekwe korongoni, wala kwenye shimo la mboji kikiwa kibichi, wala kisipewe jirani anayekisifia. Mahali palipoondolewa parudiwe kila wiki mbili kwa miezi kadhaa, kwa maana kifundo kimoja kilichosahaulika kitajitokeza. Gugu karoti ling'olewe kabla ya kutoa maua, mikono ikiwa ndani ya glavu na mtoto mwenye pumu akiwa mbali, kisha lichomwe likikauka.

Kuhusu maji, mimea tandazi nayo huhitaji kumwagiliwa katika miezi mitatu ya kwanza, na hapa nyumba zetu zina hazina ambayo haitumiki. Maji ya udhu hayana sabuni. Familia ya watu sita wanaotawadha nyumbani humwaga lita nyingi kwa siku. Kidomo cha bomba kikielekezwa kwenye mfereji mdogo uliojazwa kokoto, maji yale hufika chini ya mishina bila kubebwa na mtu. Wengine wameanza kufanya hivyo misikitini, na bustani ya nje ya sehemu ya kutawadhia ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kamati yoyote inayotafuta kazi ya vijana.

Mwenye shaka na mmea wowote asikae na shaka yake, kwani Arusha ina bahati ambayo mikoa mingine haina. Hebaria ya Taifa, yaani maktaba ya mimea mikavu ambako kila mmea wa nchi hii huhifadhiwa kwa jina na mahali ulipochumwa, iko Ngaramtoni, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tawi lenye majani na ua, likilazwa ndani ya gazeti kuukuu ili lisikunjamane, linatosha kwa mtaalamu kulitambua. Kwa mbegu za mboga za kienyeji, Tengeru kuna kituo cha utafiti cha TARI na Kituo cha Mboga Duniani.

Vuli haziko mbali. Kuanzia sasa mpaka zitakapoanza ni muda wa kuandaa mboji, kutafuta marando kwa mtu mwenye shamba lenye afya, na kuchora kwenye karatasi ni kipande gani cha ukoka kitabaki kwa ajili ya watoto. Wiki ijayo, insha'Allah, tutajibu swali la msomaji wa Levolosi kuhusu miti ya kivuli ambayo mizizi yake haipasui ukuta.